Mikono ya Mwalimu Anakleti

Juma lililopita mujukuu wangu Riziki aliazima koti ya marehemu baba mukwe wake kwa ajili ya harusi, akaitundika mu chumba changu ipate hewa. Koti ilinuka naftalini, ile dawa ya kufukuza wadudu wa nguo. Nilikuwa nachambua mupunga kwenye lungo, mikono ikasimama yenyewe.

"Nkambo, koti imekufanya nini?"

"Haijanifanya kitu. Lakini itoe. Harufu hiyo ninajua mwenyewe."

Riziki alicheka akaitoa. Nilibaki na lungo magotini. Mupunga ule sikuumaliza siku ile, maana nilikuwa tayari nimerudi nyuma, mu kijiji chetu upande wa Wamaza, namwangalia mutu anashuka kwenye kinga yake, baiskeli, amevaa koti nyeusi jua likiwa kali, na naftalini inamutangulia kama mbwa anavyomutangulia muwindaji. Aliitwa Mwalimu Anakleti. Alitoka ku Kasongo. Tangu nilipomuona sikumwamini.

Ninyi wa umri wangu hamuhitaji nieleze pori. Wakati wa fujo wote tulikuwa huko, na mutoto wa huko alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kutembea. Wakubwa walisema na mikono. Ngumi: simama. Kiganja kimelala: lala chini. Kidole juu: sikiliza, kuna watu. Tuliporudi, tulikuta nyumba nyingi ni majivu, tukajenga. Tulilima, tulipanda. Lakini kulikuwa na kitu ambacho mimi mutoto nilikiona bila kujua kukitaja: hakuna mutu aliyekuwa anaimba. Wanawake walitwanga kimya. Hata Padri alipopita, watu walifungua midomo, sauti haikutoka, ni mustari wa midomo tu kama samaki.

Na baba yangu hakuwa amerudi. Kabamba, ndilo jina lake. Alitoka mu pori kwenda kutafuta chumvi njia ya Kabambare. Hakuna aliyemuona amekufa, hakuna aliyemuona muzima. Mama yake, nkambo Tabu, alisema, "Mwanangu iko, ni muzima." Mudogo wake, Baba Mudogo Kalonda, aliyemwita yaya kama tunavyoita kaka mukubwa, alisema, "Yaya amekufa, tusijidanganye." Mama yangu hakusema kitu. Walimwita Mama Feza kwa jina langu mimi, na wakati ule alikuwa bado kijana, mwembamba, mwenye mikono mirefu.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu watoto wa leo na telefone zao hawaijui. Kila nyumba ilikuwa na mwito. Mwito hauna maneno. Ni sauti inapanda na kushuka, mwanamuke anaitoa akisimama nje wakati bugali iko karibu, na bwana yake anaisikia huko shamba, anajua ni yeye. Mwito wa kila nyumba tuliujua wote. Lakini jibu lilikuwa kitu kingine. Mwanaume halitoi mu shamba. Analitoa akisha kufika nyuma ya nyumba, chini chini, kutoka kifuani, ili muke ajue kwamba anayefika na kigiza ni yeye na si mutu mwingine. Jibu wanalijua wa ndani tu. Hata mama muzazi wa mwanaume halijui, kwa sababu analipata siku anapooa. Na mwanamuke haruhusiwi kulitoa kwa mudomo wake. Ni la bwana.

Mutu akifa, siku ya mwisho ya matanga kijiji kizima kinaimba mwito wake pamoja, mara moja. Kisha kila mutu ananyamaza, wanasikiliza. Hakuna anayejibu. Basi, amekufa, imekubalika. Mwito wake na shamba lake vinapita kwa mudogo wake. Na muke wake pia.

Kwa hiyo mwito wa baba yangu ulikuwa umekaa mu nyumba yetu bila kutolewa. Mama hakuthubutu kuita, kwa maana mwito usiojibiwa ni mwito wa maiti. Na Kalonda, mwenye wake wawili tayari, alikuwa anatengeneza paa la jiko letu bila kuombwa. Alileta kuni. Alileta nyama ya ngurube ya pori imefungwa mu majani. Mimi alinipa muwa. Nilikuwa nakula muwa wake huku namwangalia anavyopima shamba letu la mupunga kwa macho.

Mwalimu Anakleti alifikia kwa nani? Kwa Kalonda, hakuna kwingine, ndiye pekee aliyekuwa na mabati. Mu akili yangu ya mutoto hesabu ilikuwa imekwisha: mutu wa Kalonda.

Siku ya kwanza alipiga ile chuma ya gari iliyotundikwa kama kengele, watu wakajaa mu kanisa la majani kuona ni nini. Alivua koti, akaikunja vizuri.

"Nimetumwa kufundisha muziki," alisema. "Si kwa watoto wa shule tu, si kwa wenye sauti nzuri tu. Kwa watu wote. Mwenye kuweza kusema anaweza kuimba."

"Na mwenye kikohozi?" aliuliza Mama Zaina. Huyu alikuwa jirani yetu, muislamu wa familia za Kasongo mujini, bwana yake alikuwa anauza chumvi na sabuni. Kanisani hakuwa na kazi, lakini palipo na watu Zaina hakosi.

"Hata mwenye kikohozi, mama."

"Basi utasikia ya kwangu."

Watu walitaka kucheka, hawakucheka. Mwalimu aliinua mukono. Alisema, hii ni do, akafunga ngumi mbele ya tumbo. Mara moja hakuna aliyetikisika. Alisema, hii ni mi, akalaza kiganja mbele ya kifua.

Watoto wote tulilala chini. Mimi, Bahati, Sikuzani, Mulamba mwenye jicho moja, Ngalula na mudogo wake, wote kifudifudi kwenye udongo, bila sauti. Na si watoto tu. Muzee Amisi naye alishuka kwenye benchi, ameshika kofia. Mama mumoja alifunika mudomo wa mutoto wake wa ziwa kwa mukono.

Mwalimu alibaki na kiganja hewani, haelewi. Alikuwa mutu wa mujini, wakati wa fujo hakuwa mu pori letu. Mama Zaina ndiye aliyesema kwa sauti, "Mwalimu, shusha mukono huo, umetuua wote." Hapo ndipo watu walicheka, cheko la kwanza nililosikia tangu turudi, lakini lilikuwa cheko baya, la kutetemeka.

Mimi sikucheka. Nilijiambia: anajua alama za pori. Anaita nani?

Tangu siku ile nilikataa kusoma mikono yake. Wengine walijifunza. Sol, kiganja kinaangalia kifua kama mutu anajiona kwenye kioo. La, mukono unaning'inia kama jani la mugomba lililovunjika. Bahati alijua yote, alikuwa ananionyesha tukichota maji, nami nafumba macho. Mu kanisa nilikuwa naangalia udongo. Niliona miguu tu. Ya Mwalimu ilikuwa na soksi.

Kisha alileta lile neno lililowasha moto. Alisema hawezi kuwafundisha watu na nyimbo za Wazungu wasizozijua. Alikuwa amesikia wanawake wanaita waume jioni. "Ile ni muziki tayari," alisema. "Mama Kapita anaita do, mi, sol, la, sol. Anaimba vizuri na hajui! Kila nyumba inipe mwito wake, tuimbe wote, kila mutu atajifunza juu ya kitu anachokijua."

Watu waliinuka. Kapita Salumu, mukubwa wa kijiji, aligonga fimbo akauliza. Mwito wa mutu umwimbie nini ukiwa wewe si muke wake? Unataka kumupeleka wapi? Muzee Amisi alisema amesikia ku Salamabila kuna watu wanaita wanaume kwa mwito wao usiku na asubuhi hawaonekani, wako ndani ya shimo la zahabu wanafanya kazi bila kujijua. Mwalimu alisikiliza yote, hakukasirika. Aliuliza tu, "Na mwenye mwito akikaa hapa, akakubali, akasikia?"

Kapita alifikiri. Mwishoni alisema: mwito wa mutu muzima, na mwenyewe akiwa amekaa hapa, na akubali mbele ya watu. Akatoa wake wa kwanza.

Sitadanganya, ulikuwa mzuri. Watu wazima kwa watoto, wenye meno na wasio na meno, wanamuimba Kapita Salumu aje kula bugali, na Kapita amekaa mbele ameona haya kama bwana harusi. Kikohozi cha Zaina kilikuwa ndani. Baada ya Kapita walileta wengine. Kijiji kiliharibika kabisa kwa uzuri: ukitembea unasikia watoto wanaita waume za watu, na Muzee Amisi alitoka shambani kwake asubuhi akafika nyumbani, muke akamuuliza, "Nani amekuita? Hata moto sijawasha." Aliwafukuza Mulamba na Ngalula kwa fimbo mpaka mutoni.

Mama yangu alikuwa anaenda kila mara. Alikuwa anakaa mwisho wa benchi ya wanawake, anaimba polepole, macho kwenye ile mikono. Aliinywa mikono ile. Nkambo Tabu hakuingia hata siku moja. Alikaa nje karibu na ukuta na kiko chake, anasema, "Mutu anayefundisha kila mutu kila kitu anataka kitu." Katika kijiji kizima, mimi na yeye tu ndio tulikuwa na akili, ndivyo nilivyoona.

Na kweli, siku moja baada ya misa ya kuimba bila Padri, Kalonda alisimama. Alikuwa na sauti kubwa nzito kuliko wanaume wote, na alikuwa anajua.

"Mwalimu, nyumba zote zimetoa. Imebaki ya yaya wangu Kabamba. Mimi mudogo wake ninaitoa. Jumapili ijayo tuimbe wote mwito wa Kabamba."

Mwalimu alisema, "Vizuri," kwa sababu hakujua, ao alijifanya hajui. Mpaka leo sijamaliza kujiuliza. Kapita alisema mwenyewe hayuko hapa kukubali. Kalonda alijibu polepole, "Ndiyo maana, Kapita. Kama iko, atajibu."

Nje, nkambo Tabu aliangusha kiko.

Tulipofika nyumbani Mama Zaina alikuja nyuma yetu, hata hakukaa. "Mama Feza, umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Wakiimba wote, na pawe kimya, matanga yamekwisha. Hakuna kilio, hakuna kufunga kichwa, amekuzikia Kabamba kwa solfeji hiyo ya mikono! Jumatatu uko mu jiko la Kalonda unangojea zamu yako nyuma ya wale wawili."

"Nimeelewa, Zaina."

"Basi lia, mama! Fanya kitu! Umekaa kama mawe ya mafiga."

"Nikilia watasema nimekubali amekufa," mama alisema, akaendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo.

Mimi nilikuwa kwenye mulango. Nilielewa sehemu kubwa. Nilielewa kwamba tutahama, na baba akirudi na chumvi yake atakuta nyumba haina mutu. Nilielewa pia, kwa hesabu yangu, kwamba Mwalimu Anakleti alikuwa ameletwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Muwa ambao Kalonda aliniletea siku ile niliupa mbuzi.

Katikati ya juma nkambo alinishika bega wakati wa jua kali, watu wako mashambani. "Njoo. Usifanye kelele." Tulienda nyuma ya ghala la mupunga, tukachungulia katikati ya fito.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya jiko. Mbele yake, karibu, Mwalimu Anakleti. Naftalini ilifika mpaka kwetu. Hawakusema neno. Mama aliinua mukono wake murefu. Ngumi. Kisha kiganja kimelala. Kisha mukono ukaning'inia. Kisha ngumi tena, chini kabisa, karibu na goti. Mwalimu alirudia yote na mukono wake, mama akakataa kwa kichwa, akarudia sehemu moja, polepole. Mwalimu akarudia. Mama akakubali.

"Wanasema nini?" nkambo aliuliza ndani ya sikio langu. "Wewe unakaa kule ndani, soma."

Sikuweza kusoma. Nilijua tu lugha ya pori. Nikamwambia kile nilichoona: "Anasema simama. Lala chini. Kisha sijui. Kisha simama tena."

"Wanataka kukimbia," nkambo alisema. "Wamepanga njia. Kalonda anataka shamba, huyu anataka muke. Na mwanangu anatembea huko na mufuko wa chumvi kichwani." Alikuwa analia bila sauti, kama tulivyojifunza.

Mpaka Jumapili sikumwacha mama. Akienda mutoni, niko. Akienda chooni, nakaa nje. Nililala nimejifunga pindo la kikwembe chake mukononi. Alinipapasa kichwa akaniuliza, "Feza, wewe unakumbuka sauti ya baba yako?"

"Nakumbuka."

"Ile ya nyuma ya nyumba?"

"Nakumbuka."

"Vizuri," alisema. Basi, hiyo tu.

Jumapili Kalonda alikuja amevaa shati nyeupe na beberu mukubwa, akamufunga kwenye muti wa mupera nje ya kanisa, kila mutu amuone na aelewe. Wake zake wawili walikuja na sufuria. Mimi nilikaa nje na nkambo, mugongo kwenye ukuta, kwa sababu nkambo alisema hawezi kuangalia mwanawe anazikwa na watu waliofungua midomo.

Kupitia ukuta wa fito nilisikia kila kitu. Mwalimu alisema, leo tutaimba kwa sauti mbili. Wanawake watakuwa na mwito, wanaujua, hauhitaji mafundisho. Lakini wanaume wanakaa bure, kwa hiyo atawapa sauti ya chini ya kuwafuatia. "Mudomo umefungwa," alisema. "Mmm tu, kutoka kifuani. Fuateni mukono. Musiniulize ni wimbo gani, fuateni mukono. Kalonda, wewe mwenye sauti, uwaongoze."

"Hapo umenena, Mwalimu," Kalonda alisema, na watu walisikia alivyofurahi.

Aliwafundisha kipande kipande. Mmm. Kipande kimoja, anasimamisha. Kipande kingine, anasimamisha. Hakuwaunganishia. Kutoka nje ilikuwa kama ng'ombe wanajaribu kukohoa. Nkambo alisema, "Sikia wapumbavu."

Kisha sauti ya mama yangu, peke yake, ikatoa mwito wa nyumba yetu. Nilikuwa sijausikia tangu kabla ya pori, maana mu pori hatukuita. Wanawake wote wakauchukua, Zaina na kikohozi chake, Mama Kapita, wake wa Kalonda wenyewe, wakauinua mpaka majani ya paa yakawa kama yanatetemeka, ukapanda, ukashuka, ukakwisha.

Nkambo Tabu alijifunika kichwa na kikwembe. Aliingojea ile kimya.

Haikuja. Baba yangu alijibu.

Ninawaambia nilivyosikia. Chini chini, kutoka kifuani, yote pamoja bila kukatika, kama alivyokuwa akifika na jembe begani, ameloa umande, anasimama kwenye ukuta wa nyuma ili mama atoe kijiti cha mulango. Mara ya mwisho niliyoisikia nilikuwa bado nabebwa mugongoni. Nilijua kabla ya kujua. Baba hajibu akiwa mbele, anajibu akiwa nyuma. Basi niliinuka nikakimbia kuzunguka kanisa, nyuma. Kulikuwa na majani na kuku. Nilizunguka tena. Nikaingia kwenye mulango mukubwa, katikati ya watu wote, napiga kelele, mimi ambaye toka pori sikuwahi kupaza sauti:

"Baba! Baba amejibu! Iko wapi? Mumemuweka wapi?"

Nilimutafuta kwenye benchi za wanaume, sura kwa sura. Muzee Amisi, Baba Sikuzani, Baba Bahati. Kalonda, na mudomo wake bado umefungwa kwa ile mmm ya mwisho.

Kapita Salumu aliinuka polepole. Alinishika mikono. "Mutoto, umesikia nini?"

"Baba."

"Ulijuaje ni baba?"

"Ni sauti yake ya nyuma ya nyumba."

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Nilimwangalia bila kuelewa. Nilianza kulia, si kilio cha pori, kilio cha sauti, na kamasi, na kuanguka chini. Hakuna mutu mukubwa ambaye angeweza kunifundisha kilio kile, na Kapita alikuwa na watoto wengi, alijua.

"Mama Feza," alisema. "Ile waliyoimba wanaume, ni nini?"

"Ni jibu la nyumba yangu," mama alisema.

"Uongo!" Kalonda alipasuka. "Ametunga! Amekaa na huyu mwalimu nyuma ya jiko, ametunga! Nani amejibu? Kabamba iko hapa? Nionyesheni aliyejibu!"

"Wewe, shemeki," alisema Mama Zaina. "Umejibu wewe. Na sauti hiyo ya beberu, tumekusikia kuliko wote. Umemwitikia yaya wako mbele ya Mungu na kijiji, sasa unataka nini tena?"

Kanisa lilianguka kwa cheko. Hata mmoja wa wake wa Kalonda, yule mudogo, Furaha, alijificha uso mu kikwembe, mabega yanacheza. Kapita alingojea wamalize. Alisema maneno machache: mwito umeitwa, mwito umejibiwa, mutoto wa nyumba amelijua jibu. Matanga hakuna. Mutu iko. Shamba lake liko. Muke wake abaki mu nyumba yake.

Kalonda alimufungua beberu. Beberu hakutaka kutoka, alikuwa ameanza kula nguo za mutu, ikabidi amuvute pembe mbele ya watu wote. Nje, nkambo Tabu alikuwa anapiga vigelegele na mashavu yaliyolowa. Yeye alielewa kwamba mwanawe amejibu. Namna gani amejibu hakutaka kuambiwa. Alikufa miaka mingi baadaye akisema hivyo hivyo, "Alijibu, nilikuwa nimekaa pale pale."

Mwalimu Anakleti alihama siku zilizofuata kutoka kwa Kalonda akalala kwa Kapita, kisha mvua ilipokaza akaenda na kinga yake njia ya Salamabila, kuwafundisha wengine. Alipotuaga mama alimupa kuku, akakataa, akakubali. Mimi nilijificha. Sijui kama alimuhurumia mama yangu, ao kama alifurahi tu kuona mafundisho yake yanaweza kufanya kazi kubwa hivyo, watu kuimba kitu wasichokijua kwa kufuata mukono. Nimezeeka, na ninapomuwaza bado namwangalia miguu.

Lakini kwa mama yangu shaka yangu ilikuja polepole, na ilikaa. Nilishakuwa na watoto wangu mwenyewe siku ile ilipokaa kichwani mwangu yote pamoja. Alifundisha jibu kwa mikono, kwa sababu mudomo wake haukuruhusiwa. Vizuri. Aliliweka mu midomo ya wanaume bila wao kujua. Vizuri. Lakini nani angemwamini? Alihitaji mutu mumoja mu kijiji kizima anayelijua jibu, asiyeambiwa kitu, atakayekimbia. Aliniuliza kama nakumbuka. Nilipomwambia ninakumbuka, alisema vizuri, akaniacha nilale na pindo la nguo yake mukononi bila kunionya. Sijawahi kumuuliza. Angeniambia ukweli, ndiyo maana.

Jioni ya Jumapili ile ile alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye ukuta, nangojea. Hakuniambia niingie. Aliketi mbele yangu kwenye udongo, miguu imenyooshwa, akanishika kidevu ili nisiangalie chini.

"Angalia mukono," alisema.

"Sitaki."

"Feza. Kila jioni nitaita. Kila jioni Kalonda atasikiliza. Mimi siwezi kujibu, wewe ni damu yake, unaweza. Angalia mukono."

Alifunga ngumi mbele ya tumbo. Alilaza kiganja. Nilifungua mudomo, nikalitoa jibu la baba yangu kipande kwa kipande, na kwenye kipande cha tatu nikaelewa kwamba hatarudi, kwa sababu kama mama angekuwa bado anamungojea, asingenipa mimi.